Mnachezea Kitanda Changu

Bi Matundu alilimwaga gunia sakafuni akaanza kuhesabu. Msumeno mmoja. Randa mbili, kubwa na ndogo. Patasi tano, nyundo, futi ya mbao, aproni yenye madoa ya gundi, na viatu vya kazi vilivyolika kisigino cha kushoto kwa sababu mwenyewe alikuwa akitembea akiegemea huko. Hivyo ndivyo miaka kumi na tisa ya mumewe katika karakana ya samani ilivyorudi nyumbani, wiki ya tatu baada ya kumzika, ikiwa imebebwa begani na mzee wa vanishi, yule anayeyapaka makabati rangi ya mwisho.

"Na ubao?" akauliza.

"Ubao upi, shemeji?"

"Mzee, usinifanye mtoto. Ubao wa matundu. Ule wa karata."

Mzee wa vanishi akaviangalia vile viatu kana kwamba vingemjibia. "Ule umebaki kazini. Msimamizi anasema ni mali ya karakana."

Kusema kweli, mtu anayependa amani yake asingemwambia Bi Matundu neno kama lile. Huyu ni mwanamke aliyekaa miaka ishirini na mitatu kwenye kiwanda cha sare, kwenye mashine ya matundu ya vifungo, matundu saba kila shati, mashati mia mbili kwa siku, na akikwambia ni saba huna haja ya kuhesabu tena. Jina la Bi Matundu alilipatia hapo. Ukumbi wenyewe una mashine tisini, na asiyepaza sauti hasikiki, kwa hiyo yeye hata akiomba chumvi utadhani nyumba inaungua. Na ule ubao haukuwa mali ya karakana hata kidogo. Ulikuwa kitanda chake.

Walipooana walikuwa na kitanda kimoja, cha mti mwekundu mzito, ambacho mumewe alikitengeneza mwenyewe akiwa bado mwanafunzi wa useremala. Kilidumu miaka kumi na moja, kisha siku moja mguu ukavunjika na mbavu zikafuata. Mume akavitoa vipande uani, akaupapasa ule ubao wa kichwani, akasema huu hauchomwi kuni. Ulikuwa na alama nyeusi kwenye kona, ya ncha ya pasi, kwa sababu Bi Matundu, bibi harusi wa wiki mbili, aliwahi kuiegemeza pasi ya moto pale akaenda kufungua mlango. Kwenye kipande hicho hicho, chenye alama yake, mumewe alitoboa matundu mia moja na ishirini upande huu, mia moja na ishirini upande ule, na moja la mwisho katikati, akaenda nao kazini. Sasa mtu mwingine anasema ni mali yake!

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, alivua koti la kiwanda akaenda karakana, ambayo iko mtaa wa nyuma tu. Aliwakuta wamezunguka benchi la kazi lililofutwa vumbi, na ubao wake uko katikati, umechomekwa vijiti. Msimamizi alikuwa ameketi upande wa dirishani. Ni mwanamume mwenye funguo nyingi kiunoni, ingawa karakana ina milango miwili tu.

"Shemeji! Pole sana na msiba," akasema, mkono mmoja karata, mkono mwingine kikombe. "Tulikuwa tunamsema hapa hapa. Karakana imepooza bila Vikombe."

"Vikombe ni nani?"

Mmoja akaanza kutafuta kitu mfukoni. Mwingine, kijana wa gundi asiye na adabu, akacheka kidogo kisha akajikohoza.

"Nimeuliza, Vikombe ni nani?"

"Utani tu wa kazini, shemeji," akasema msimamizi. "Hapa anayefungwa Ijumaa anaosha vikombe wiki nzima. Sasa marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa na bahati mbaya na karata."

Damu ilimpanda Bi Matundu mpaka masikioni. Mumewe, fundi ambaye makabati yake yalifunga bila kulia, mtu aliyemwita yeye 'mama' kwa heshima hata walipogombana, kumbe kwa miaka yote hiyo alikuwa akiitwa Vikombe! Alikumbuka pia, na hilo lilimchoma vingine, kwamba nyumbani hajawahi kumwona akiosha hata kijiko.

"Nimekuja kuchukua ubao wangu," akasema.

"Ubao ni wa wanaocheza. Wewe ukauweke wapi? Ukatie nyama?" Wakacheka. Msimamizi alipenda kuchekewa, na kicheko kile kikamponza. "Haya, tufanye hivi. Siku utakayonifunga mimi, hapa, kwenye benchi hili, utaubeba. Mashahidi hawa hapa."

"Rudia."

"Siku utakayonifunga, utaubeba."

"Mzee wa vanishi, umesikia?"

"Nimesikia, shemeji," akasema mzee, bila furaha.

Basi akageuka akaondoka, na njia nzima alikuwa akisema peke yake kwa sauti, watu wakimpisha. Mtu mzima, mwenye mke na kitanda chake nyumbani, anachezea kitanda cha mwenzake! Na bado anataka kukuchekea!

Tatizo lilikuwa moja. Hakuujua mchezo. Jina lake halisi ni kribeji, mabaharia fulani ndio walioufikisha mjini, na pale karakana waliuita Kumi na Tano. Mumewe alikuwa akiucheza na dada yake Jumapili mchana, mezani sebuleni, wakitumia karatasi iliyochorwa vistari badala ya ubao. Bi Matundu alikuwa akipita na sinia la chai asijue wanafanya nini. Kwa hiyo wa kumfundisha alikuwa mmoja tu duniani, na huyo alikuwa wifi yake.

Sasa wifi huyu ni karani wa posta, mwembamba, mwepesi, na hana subira. Mteja akisita kidogo dirishani, anaugonga muhuri mezani mpaka yule mteja asahau alichokuja kutuma. Mtu pekee ambaye yeye aliwahi kumsubiri maishani mwake ni kaka yake. Wawili hawa, wifi na wifi, walikuwa wakipendana kwa kugombana, na tangu msiba utokee walikuwa wamegombana mara tatu tu, jambo lililowatia wasiwasi wote wawili.

"Nifundishe Kumi na Tano," alisema Bi Matundu Jumapili hiyo, akiweka karata mezani.

"Wewe? Ulisema ni mchezo wa wavivu."

"Bado nasema. Nifundishe."

Akamweleza aliyoyasikia karakana. Alipofika kwenye jina la Vikombe, wifi alikunja uso, na Bi Matundu hakumwuliza kwa nini, kwa kuwa alikuwa na haraka ya kuanza.

"Haya. Karata sita kwako, sita kwangu," wifi akasema, akigawa. "Unabaki na nne. Mbili unazitupa hapa kati, kwenye kapu. Kapu ni la aliyegawa. Leo nimegawa mimi."

"Ngoja. Natupa karata zangu mbili, halafu zinakuwa zako?"

"Zinakuwa kapuni, na kapu ni langu."

"Bure?"

"Bure."

"Huu ni mchezo wa wezi."

"Tupa karata, wifi."

Akatupa, huku akiziangalia kwa uchungu. Kisha wakapokezana kuweka karata mezani moja moja wakijumlisha, wasivuke thelathini na moja, kila mmoja akiokota alama ndogo ndogo njiani na kusogeza kijiti chake mbele juu ya vistari vya karatasi, mpaka kistari cha mia na ishirini na moja. Baada ya hapo kila mtu anazifunua zake nne, anaunganisha na ile moja iliyofunuliwa juu ya furushi, na kuzihesabu.

"Karata zozote zinazofika kumi na tano, unapata mbili."

"Nimefikisha kumi na tano, napewa mbili?"

"Ndiyo."

"Na kumi na tatu zimekwenda wapi?"

"Hazijakwenda popote! Ndivyo mchezo ulivyo. Jozi nayo ni mbili. Mfuatano wa tatu ni tatu. Mfalme, malkia na ghulamu, wote ni kumi."

"Mfalme na mtumishi wake thamani moja?"

"Hapa ndiyo."

"Hilo angalau ni haki," akasema Bi Matundu, akazifunua karata zake. "Nane na saba, kumi na tano, mbili. Basi."

Wifi akaunyosha mkono, akasogeza kijiti chake mwenyewe vistari vinne. Maana Bi Matundu alikuwa na saba mbili. Ile nane iliungana na kila moja, na zile saba zenyewe zilikuwa jozi.

"Wewe! Hizo ni zangu!"

"Zilikuwa zako. Hukuzitaja. Usipozitaja, nachukua mimi. Ndiyo sheria."

Bi Matundu akainuka kitini. Alisema maneno mengi, mengine hayafai kuandikwa. Tangu lini mtu akasahau mkoba dukani ukawa wa muuzaji? Sheria gani hii? Nani aliyeitunga, na je, alilelewa na mama? Wifi akamwacha amalize, akigongagonga kidole mezani kama muhuri, kisha akagawa karata upya.

Jumapili nne za mwanzo alifungwa kila mara, akatoka kila mara amevimba kama andazi. Lakini mwenye kuhesabu matundu kwa kazi hatakosa kujua kumi na tano. Kiwandani alianza kucheza kwa macho: namba za saizi kwenye makola, namba za mafurushi, saa ukutani. Nane na saba. Tisa na sita. Kumi, nne na moja. Kufikia mwezi wa tatu wifi hakuwa akipata cha kuokota. Bi Matundu alizifunua karata akazitaja zote kwa pumzi moja, kwa sauti ya ukumbi wa mashine tisini, jirani akagonga ukuta.

Ndipo, Jumapili moja alipokuwa ameshinda mara mbili mfululizo, akauliza lile lililokuwa limemkaa kooni.

"Hivi kaka yako alikuwa mbovu kiasi hicho? Kuoshea watu vikombe wiki nenda wiki rudi?"

Wifi akaziweka karata chini. "Mbovu? Mimi sijawahi kumfunga mara mbili mfululizo maisha yangu yote. Huu mchezo ni yeye aliyenifundisha."

"Sasa?"

"Sasa wewe umesahau alivyokuwa anaongea?"

Hapana, hakusahau. Mumewe alikuwa na kigugumizi. Si cha mzaha, kile cha neno moja moja. Kilikuwa kinamshika mwanzo wa sentensi kikambana mpaka mishipa ya shingo inasimama, na kilimshika vibaya zaidi kwenye namba.

"Pale karakana wana sheria yao," wifi akasema. "Ukishafunua karata, mwenzako anahesabu moja, mbili, tatu. Ikifika tatu, chochote ambacho hujakitaja ni chake. Msimamizi ndiye aliyeileta hiyo sheria. Aliileta baada ya kufungwa na kaka Ijumaa tano. Kaka aliziona alama zote, wifi. Zote! Alikuwa anaziona kabla ya mtu mwingine hajageuza karata. Anafungua mdomo, kumi na t-t-t, na yule bwana ameshasema tatu, ameshasogeza kijiti. Wenzake wanacheka. Kila Ijumaa. Kwenye ubao alioutoboa kwa mkono wake."

Bi Matundu akasukuma kiti nyuma, akasimama. Kisha akasema yote. Alimwita msimamizi majina ambayo hata yeye hakujua kuwa anayajua. Alisema wale wanaume wote kumi waliosimama wakicheka ni wale wale, hakuna bora kati yao, hata huyo mzee wa vanishi na upole wake wa uongo. Mtu anamnyang'anya mwenzake kitu ambacho ameshakipata, eti kwa sababu ulimi wake haukukimbia! Alitaka kwenda pale pale, Jumapili ile, avunje mlango, na wifi ikabidi amkumbushe kwamba karakana imefungwa.

"Kwa nini hakuniambia mimi?" akauliza mwishowe. "Ningekwenda. Unajua ningekwenda."

"Alijua ungekwenda. Ndiyo maana."

"Maana yake nini?"

Wifi alisita, jambo ambalo si kawaida yake. "Wifi, wewe ulikuwa unamsemea kila mahali. Dukani, shuleni kwa watoto, kwa daktari. Akianza neno unalimalizia. Hata hapa. Sisi tunacheza, yeye anahesabu taratibu, kumi na tano m-m-m, na wewe kutoka jikoni unapiga kelele 'mbili!' Hata mchezo huujui, umelizoea neno tu! Alikuwa anacheka tu. Lakini aliniambia siku moja, hapa mezani ndipo mahali pekee ninapomaliza mwenyewe."

Hasira ya Bi Matundu, iliyokuwa imeshavaa viatu kwenda kwa msimamizi, ikageuka mlangoni ikarudi ndani ikamkalia yeye. Alijitetea. Alisema alikuwa akimsaidia. Alisema mtu ana foleni nyuma yake, ana chungu jikoni, atasubiri mpaka lini? Alisema alimpenda yule mtu kuliko alivyojipenda. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomtoa kwenye ile sauti yake mwenyewe ikipiga kelele 'mbili!' kutoka jikoni kwa miaka.

"Gawa," akamwambia wifi, na mchana ule hawakuongea tena ila namba.

Ijumaa iliyofuata alikwenda karakana. Alikuwa na dakika arobaini na tano za chakula, na alizitumia mbili tu njiani. Msimamizi alipomwona akivuta kiti upande wa pili wa benchi alicheka mpaka funguo zikalia.

"Shemeji, kweli?"

"Gawa."

Wakaanza. Wale wanaume kumi walisogea, kijana wa gundi akiwa mbele. Mgao wa kwanza, Bi Matundu alipozifunua karata zake tu, msimamizi akasema, kwa haraka kama mtu anayefukuza kuku, "Mojambili..." Hakufika tatu. Bi Matundu alikuwa ameshataja alama nane na kukisogeza kijiti chake, na sauti yake ilikuwa imeangusha vumbi kwenye mbao za darini. Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi. Msimamizi akajaribu tena mgao wa pili, akajaribu mgao wa tatu, kisha akaacha kuhesabu.

Alichokiona Bi Matundu, kadiri mchezo ulivyosonga, ni kwamba yule bwana hakuwa mchezaji. Alikuwa akizifunua karata zake, akitaja zile zilizojionyesha, na kusogeza. Mara mbili aliacha alama mezani, naye Bi Matundu akazichukua kama sheria ya mle ndani ilivyotaka, na wale watu wakaguna kwa mshangao. Walikuwa hawajawahi kuona alama za msimamizi zikichukuliwa. Nani angemhesabia tatu bosi wake? Miaka yote hiyo alikuwa akizoa za mwenzake mmoja, na zake mwenyewe hakuwahi hata kujifunza kuziangalia.

Zikabaki dakika tano. Kijiti cha msimamizi kilikuwa kwenye mia na kumi na tano, cha Bi Matundu mia na kumi na saba, jirani kabisa na ile alama nyeusi ya pasi. Mmoja alihitaji sita, mwingine nne. Bi Matundu ndiye aliyekuwa amegawa, kwa hiyo msimamizi alihesabu kwanza.

Akazifunua. Nne mbili, saba, na ghulamu. Juu ya furushi ilikuwa imefunuliwa karata ya moja.

"Nne, nne na saba, kumi na tano, mbili," akasema msimamizi. "Jozi ya nne, mbili. Jumla nne." Akasogeza mpaka mia na kumi na tisa, akajifuta paji la uso. "Yako."

Bi Matundu aliziona kabla mkono wa yule mtu haujatoka kwenye ubao. Ghulamu ni kumi, na nne, na moja: kumi na tano. Na nne zilikuwa mbili, kwa hiyo kumi na tano mara mbili. Alama nne zilikuwa zimelala mezani bila mwenyewe, na nne ndizo alizohitaji. Hakuwa na haja hata ya kufunua za kwake. Za kwake alikuwa anazijua, sita na tisa, mbili tu, na kapu alikuwa hajui lina nini zaidi ya zile mbovu mbili alizotupa yeye.

Kijana wa gundi aliziona pia. Mtoto yule, aliyecheka siku ile, alimkonyeza, kisha hakuweza kujizuia. "Moja," akaanza, na wenzake wawili watatu wakadakia kwa raha, maana nani hapendi kuona bosi akioga maji yake mwenyewe. "Mbili..."

"Nyamazeni!"

Wakanyamaza. Hata mashine ya msasa upande wa pili ikazimwa na mtu.

"Hapa leo hakuna anayehesabiwa," akasema Bi Matundu. "Bwana msimamizi, umeacha kitu mezani. Angalia tena."

"Nimeacha nini?"

"Angalia. Nakusubiri."

Mzee wa vanishi alimwangalia Bi Matundu, akaangalia zile karata, akaelewa anachoweka rehani, akafumba macho. Msimamizi akainama. Alizigusa karata moja moja. Midomo yake ilikuwa ikienda bila sauti, nne, saba, nne, na jasho likamtoka, kwa sababu kila mtu alikuwa akimtazama, na hakuna kinachobana ulimi na akili kama watu kumi wanaokutazama ukitafuta neno. Dakika nzima ikapita. Halafu ya pili. Bi Matundu alikuwa ameikunja mikono yake chini ya benchi, akibana vidole, na ndani yake ile sauti ya jikoni ilikuwa ikipiga kelele, taja, taja, malizia! Hakuitoa. Maishani mwake hakuwahi kufanya kazi ngumu kama ile.

"Hakuna," msimamizi akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Ni hizo tu."

"Una hakika? Nina muda."

"Ni hizo tu, shemeji."

"Haya." Akazifunua za kwake. "Sita na tisa, kumi na tano, mbili." Akasogeza mpaka mia na kumi na tisa, sawa na mwenzake. Kisha akalivuta kapu na kuligeuza, karata moja baada ya nyingine. Saba. Mbili. Karata hizo zilikuwa zake. Malkia, ambaye alikuwa ametupwa na msimamizi. Na ya mwisho, aliyoitupa msimamizi pia, ilikuwa mbili.

"Jozi," akasema Bi Matundu. "Mbili."

Akakichomeka kijiti kwenye tundu la mwisho. Kisha akaivuta ghulamu ya msimamizi, akaiweka kando ya nne na ile moja.

"Kumi, nne, moja. Kumi na tano. Na nne hii nyingine, kumi na tano tena. Ungekuwa umeshinda. Dakika mbili nimekupa, bwana mkubwa, na mdomo wako ni mzima. Mume wangu alikuwa anaziona zote, akihitaji sekunde kumi tu za kusema. Mkamnyima. Kumi! Wanaume wazima!" Akawageukia wote, na sauti ile ya ukumbi wa mashine tisini ikarudi. "Na ole wake nitakayemsikia tena anamwita Vikombe. Alikuwa fundi. Makabati mnayopakia hapa, nusu yake mnafungua kwa bawaba alizozipanga yeye. Semeni fundi!"

"Fundi," akasema mzee wa vanishi, na macho yake yalikuwa yamelowa. Wengine wakafuata, kila mmoja kwa wakati wake.

Bi Matundu akaunyanyua ubao, akaufutia vumbi kwa koti lake.

"Sasa sisi mchana tutafanya nini?" akauliza msimamizi, na kwa kweli alionekana kupotea.

"Vikombe vipo," akasema Bi Matundu. "Vioshe."

Akarudi kazini akachelewa dakika tatu, akakatwa mshahara, na mchana kutwa akatoboa matundu ya mashati ubao ukiwa umelala miguuni pake.

Jumapili wifi alikuja mbio. Alikuwa ameshasikia nusu ya habari posta, na ile nusu ilikuwa imemkasirisha. "Ulimsubiri? Zile nne ziko wazi, ushindi uko mkononi, wewe unamsubiri? Wifi, una akili kweli? Angeziona je? Si ungeukosa ubao wa kaka yangu kwa maringo?"

"Ningeukosa."

"Halafu?"

"Halafu ningejifunza tena. Kaa, tucheze."

Wifi akakaa, akinung'unika, akaipapasa ile alama ya pasi kwa kidole gumba. Mara ya kwanza maishani mwao wakacheza kwenye ubao wenyewe, mezani sebuleni, vijiti vikiingia kwenye matundu kwa ule mlio mdogo wa mti mkavu. Bi Matundu akazifunua karata zake. Zilikuwa nzuri ajabu. Saba, saba, nane, nane, na juu imefunuliwa tisa. Aliziona zote kwa mara moja, zote ishirini na nne, kama ambavyo mumewe angeziona.

"Kumi na tano," akaanza, "m..."

Neno halikutoka. Tangu mazishi alikuwa amepiga kelele na kutukana, lakini hakuwa amelia, na sasa kilio kilimshika pale pale kwenye mbili, kikambana koo, mishipa ya shingo ikasimama. Alifungua mdomo. "M... m..."

Wifi alikuwa na mkono wake juu ya kijiti. Aliziona zile alama, zote, zimelala mezani. Akauondoa mkono, akauweka mapajani, akakaa kimya akamsubiri.